"Peptidi za wadudu" si dawa ya wadudu

Juzi kwenye duka la dawa Ngamiani, hapa Tanga, kijana muuzaji alikuwa akimsimulia mama mmoja alichosikia redioni: wataalamu wanatengeneza peptidi za wadudu ziwe tiba. Mama akarudisha mkono uliokuwa unapokea dawa. "Sumu ya wadudu, mwanangu, tunywe sisi?" Hofu hiyo nimeisikia mara nyingi mno mwaka huu.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zilezile zinazojenga protini. Wadudu hawana kingamwili kama zetu, hivyo wakivamiwa na bakteria hutoa peptidi zinazotoboa utando wa bakteria hao. Timu ya mtafiti Hans Boman huko Sweden iliieleza peptidi mojawapo, sekropini, mwaka 1981, kutoka kwa nondo, mdudu anayefanana na kipepeo, aitwaye Hyalophora cecropia. Sekropini A ina asidi amino 37 tu.

Kinachotupoteza ni hiyo "za". Asali ya nyuki imetoka kwa nyuki. Dawa ya mbu haikutoka kwa mbu, inamuua. Dawa ya panya, ya kunguni, ya mchwa, zote ni hivyo, na ukilitaja neno wadudu karibu na dawa, sikio linakimbilia bomba la kupulizia. Tena "wadudu" wenyewe wana maana mbili: ukipima mkojo ukaambiwa una wadudu, ni bakteria wanaosemwa, si sisimizi. Kwa hiyo "peptidi za wadudu" inasikika kwa namna tatu: zilizotoka kwa nondo, zinazoua bakteria, zinazoua nondo. Mbili za kwanza ni kweli. Watu wanashika ya tatu.

Wala hakuna nondo anayesagwa. Jeni ya peptidi hupandikizwa ndani ya bakteria wa maabara, mara nyingi E. koli, kama inavyofanywa kwa insulini ya binadamu, inayotumika tangu 1982. Ila hapa pana ugumu wake: peptidi ikiwa huru itamuua bakteria anayeitengeneza. Basi huunganishwa kwanza na protini nyingine inayoizuia, kisha hukatwa na kusafishwa.

Nikamwambia mama: hii ni kinga ya nondo, inapigana na bakteria, na dukani humu haijafika. Na kijana nikamwomba, akisimulia tena, aseme "peptidi zitokazo kwa wadudu".