Reli ya kiwanda cha magari hubeba nini hasa?

Watu wengi huamini kwamba kiwanda kikubwa cha magari hujengwa kando ya reli ili kiletewe chuma na vipuri. Wazo hilo lina asili yake. Kiwanda cha Ford cha River Rouge, Michigan, Marekani, kilichokamilika mwaka 1928, kilijifulia chuma chenyewe na kilikuwa na takriban kilomita 160 za reli ndani ya uzio wake.

Siku hizi mambo yamegeuka. Vipuri vingi huletwa na malori kutoka kwa wasambazaji wa karibu, vikihesabiwa kwa saa, kwa kuwa kiwanda hakitaki kurundika akiba ghalani. Treni si hodari wa ratiba ya namna hiyo.

Kazi kubwa ya reli ni kuyatoa magari yaliyokwisha kuundwa. Lori la kubebea magari huchukua yapata 9. Behewa moja la ghorofa mbili hubeba kama magari makubwa 10, na la ghorofa tatu kama magari madogo 15. Sasa unganisha mabehewa 60! Kwa safari ya kuvuka bara, lori halifui dafu.

Hivyo njia ya reli kupita jirani haitoshi, ingawa madalali wa ardhi huipigia debe sana. Panahitajika tawi la reli la kuingilia, ardhi tambarare, na uwanja mpana wa kupakilia. Kwa makontena, hata tawi si lazima liingie kiwandani: kiwanda cha BMW cha Spartanburg, Carolina Kusini, hutumia bandari kavu ya Greer, iliyofunguliwa mwaka 2013 na kuunganishwa kwa treni na bandari ya Charleston.