Siku ya 33: ndama aliyepiga hodi

Kuna mama mmoja wa Ipuli, hapa Tabora mjini, ana daftari la shule lenye safu tatu tu: jina la ng'ombe, tarehe aliyopandwa, tarehe aliyorudi joto, yaani kutaka dume tena. Mwaka juzi alinipigia simu amekasirika.

"Daktari, hili dume la jirani halina mbegu. Mtamba wangu amerudi tena."

"Pole, mama. Hebu nisomee tarehe."

Alipandwa 20 Mei. Amerudi 22 Juni. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Siku 33.

"Mama, mbegu ilikuwepo. Huyu nadhani alishika mimba, ikaharibika."

Akanyamaza, kisha akacheka kile kicheko cha mtu anayeona daktari wake sasa amechoka, akapumzike. Siku ile simu yake haikuwa na salio la kutosha nimweleze, basi naeleza hapa, maana wafugaji wengi, kuanzia Uyui hadi Urambo, ng'ombe akirudi joto wana majibu mawili: dume bovu, au mhamilishaji, yule anayepandisha kwa mrija, hajui kazi. (Mimi ni mhamilishaji, kwa hiyo nina sababu zangu za kutetea.)

Ng'ombe ambaye hakushika hurudi baada ya siku 21 hivi. Kuanzia 18 hadi 24 ni kawaida. Akirudi siku ya 42 tunajua joto la katikati lilipita usiku watu wamelala. Lakini 33 haikai kwenye hesabu hiyo. Kuna kitu kiliuzuia mzunguko wake zaidi ya wiki, kisha kikaachia. Kitu chenyewe ni kiinitete, yaani mimba changa, na hapo bado hakijafikia hata hatua ya kuitwa kijusi.

Yai hukutana na mbegu ndani ya mrija wa mayai, halafu linajigawa: seli 2, 4, 8. Siku hizo za mwanzo kiinitete hakina amri yake. Kinaendeshwa na maagizo ambayo mama aliyapakia ndani ya yai kabla halijatoka kwenye ovari, kama msafiri anayekula masurufu aliyofungiwa nyumbani. Jeni zake mwenyewe huamka hasa kati ya seli 8 na 16. Kwa panya huamka kwenye seli 2, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kutokuwa na haraka nikiletewa habari ya panya nikaambiwa ni ya ng'ombe.

Wakati wa masurufu ndio wakati dhaifu kwa hari ya jua. (Nasema hari makusudi, joto tumeshampa ng'ombe.) Utafiti wa Florida uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba ng'ombe waliopigwa na hari siku ya kwanza baada ya joto la uzazi walipoteza viinitete vingi, lakini waliopata hari ileile siku ya 3, ya 5 au ya 7 viinitete vyao vilihimili. Kwa hiyo Oktoba ya Tabora, kabla mvua haijafungua, nikishamhamilisha ng'ombe naomba jambo moja: kesho yake na kesho kutwa asipelekwe machungani mbali. Afungwe chini ya mwembe na maji yawe karibu. Miembe tunayo.

Karibu na siku ya 6 seli zinaanza kuchagua njia, na hapa mtu wa Tabora hahitaji kuchorewa, anayo stesheni. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika kwetu reli inagawanyika, hii Mwanza, hii Kigoma. Kwenye kiinitete, seli za nje zinaelekea kuwa kondo la nyuma, za ndani zinabaki na kazi ya ndama. Nani anazigawa? Hakuna stesheni masta. Kila seli inapapasa majirani zake. Iliyobanwa pande zote huifungia nje ya kiini chake protini iitwayo YAP. Iliyo pembeni, yenye upande mmoja usioguswa na yeyote, huiruhusu YAP kuingia ndani ya kiini, na humo inawasha jeni za kondo. Mwaka 2020 watafiti wa London walionyesha kwamba mwanzo wa mpango huu unafanana kwa binadamu, ng'ombe na panya.

Kisha inakuja Kaliua, pale njia ya Mpanda inapochepuka. Seli za ndani nazo zinagawanyika: nyingine ni za ndama mwenyewe, nyingine za utando unaomlisha mwanzoni. Hapa ishara ni protini ya FGF4, ambayo seli moja huitoa na jirani yake huipokea. Utafiti wa mwaka 2012 ulimimina FGF4 nyingi kwenye viinitete vya ng'ombe chomboni, na seli zote za ndani zikaelekea kwenye utando. Hakuna iliyobaki kuwa ndama! Walipofanya kinyume, wakaiziba njia ya ishara hiyo ndani ya seli, seli za utando zilipungua lakini hazikwisha, ilhali kwa panya hutoweka. Ng'ombe ana msukumo mwingine zaidi ya huo. Na jingine linalonifurahisha: watafiti wa New Zealand walionyesha mwaka 2011 kwamba seli za nje za kiinitete cha ng'ombe, hata baada ya kuwa kipira chenye maji ndani, bado zinaweza kurudi kundi la ndani. Za panya zinakuwa zimeshafunga. Yaani behewa limeshatoka Tabora kwenda Mwanza, na bado linaweza kuunganishwa na la Kigoma.

Siku ya 7 kiinitete ni kidogo kuliko punje ya chumvi. Siku ya 16 au 17 ni uzi, sentimita 10 na zaidi, umelala kwenye mji wa mimba bila kujishikiza popote. Urefu huo hakijipi chenyewe. Projesteroni, homoni ya mama inayotunza mimba, inaufanya mji wa mimba utoe majimaji ya lishe, na hayo ndiyo yanayokirefusha. Kilichotungwa maabara hakirefuki hivyo mpaka kirudishwe tumboni. Ng'ombe aliyekonda, projesteroni yake ikipanda kwa kusuasua, analea uzi mfupi.

Na uzi mfupi una sauti ndogo. Projesteroni hutoka kwenye tezi ya manjano inayoota pale yai lilipochomoka. Mji wa mimba, usiposikia lolote hadi siku ya 16 au 17, unaanza kutoa homoni ya prostaglandini kwa mafungu, tezi ile inakufa, na ng'ombe anarudi joto. Ili kuzuia hilo, seli za nje za ule uzi hutoa interferoni tau, protini ya ukoo wa zile ambazo mwili hutumia kupambana na virusi. Kwanza ilionekana kwa kondoo, na mwaka 1987 ndipo ikatambuliwa kuwa ni interferoni. Inaufanya mji wa mimba usiote vipokezi vya homoni ya oksitosini, na bila vipokezi hivyo mafungu ya prostaglandini hayatoki.

Hodi, basi. Ila karibu yake ni ya ajabu: mama hafanyi lolote. Karibu ya ng'ombe ni kunyamaza.

Binadamu hapigi hodi hivyo; yeye hutumia homoni nyingine, ndiyo inayopatikana kwenye mkojo. Kijana mmoja wa Cheyo aliwahi kuniletea kipimo cha mimba cha duka la dawa alichokichovya kwenye mkojo wa ng'ombe. Hana mimba, akasema. Ng'ombe yule alikuwa na miezi minne.

Mimi mwenyewe nimewahi kumnyamazisha ndama. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kampeni ya uhamilishaji, tulichoma sindano ya prostaglandini ili ng'ombe waje joto pamoja. Mzee mmoja aliniambia ng'ombe wake hajapandwa, nikamwamini, sikupima kwa mkono. Kumbe dume lilikuwa limeruka ua wiki sita nyuma. Sindano ile ni ujumbe uleule ambao ndama alikuwa ameuzuia. Siku ya tatu ng'ombe akatupa. Mzee hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu hapo sichomi kabla ya kupima, hata mwenye ng'ombe akiapa.

Turudi Ipuli. Siku 33 maana yake hodi ilipigwa na ikasikika. Tezi ya manjano ikabaki. Baadaye kiinitete kikafa, sauti ikakatika, na mji wa mimba ukafanya kile ulichokuwa umezuiwa kufanya. Swali likawa: nini kimekiua? Nikamwomba mama afungue kurasa za nyuma. Ng'ombe wake mwingine, dume lilelile: siku 36. Wa jirani, kwa kumbukumbu ya jirani: "kama mwezi na kitu." Ukiona hivyo kwa dume linaloazimwa mtaa mzima, unawaza vimelea vinavyoambukizwa kwa kupandana, trikomonasi au kampilobakta. Mbegu inaweza kuwa nzima kabisa, dume likawa linaacha na ugonjwa humo humo.

Tukaosha govi la dume, tukapeleka maji yale maabara. Trikomonasi. Dume likauzwa kwa mchinjaji kabla ya Nane Nane, mwenyewe akinuna, na ng'ombe wale wakapumzishwa miezi kadhaa kabla sijaanza kuwahamilisha kwa mrija.

Nilipopita Ipuli mara ya mwisho daftari lilikuwa na safu ya nne, imepigwa mstari kwa rula: "siku ngapi". Mama hakuniambia kitu. Aliliacha wazi mezani, akaenda kuchemsha chai.