Leseni ya ualimu ni nini, na inatofautianaje na cheti?

Anayemaliza chuo cha ualimu hupewa cheti, na wengi hudhani safari imekwisha hapo. Lakini cheti ni ushahidi wa chuo tu: huyu alisoma masomo haya, akafaulu kwa kiwango hiki. Ruhusa ya kusimama mbele ya watoto wa watu hutolewa na chombo kingine, ama wizara, ama tume, ama baraza lililoundwa kwa sheria. Ruhusa hiyo ndiyo leseni ya ualimu. Baadhi ya nchi huiita usajili, kwa sababu jina la mwalimu huingizwa katika daftari la taifa.

Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka jambo liharibike. Mwalimu aliyemdhalilisha mwanafunzi anaweza kufukuzwa kazi, lakini shahada yake inabaki kuwa shahada. Kama hakuna daftari, atabeba cheti chake akaombe kazi shule nyingine, na huko hawatajua lolote. Leseni, kwa upande wake, hunyang'anywa. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya mwaka 2012 inayoiongoza Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) inakataza mtu asiyesajiliwa kufundisha, na inaipa Tume uwezo wa kufuta jina kwenye daftari. Jina likifutwa, kubadilisha shule hakusaidii kitu. Kwangu mimi hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote za leseni, ingawa ubishi mwingi huwa juu ya mitihani.

Watu hudhani pia kwamba leseni ni mzigo ambao serikali imewatwika walimu. Historia haisemi hivyo kila mahali. Huko Scotland, walimu wa Glasgow waligoma mwaka 1961, na moja ya malalamiko yao lilikuwa kuajiriwa kwa watu wasiosomea ualimu ili kuziba pengo la walimu. Sheria ya baraza lao la usajili ikapitishwa mwaka 1965. Waliokuwa na sifa ndio waliotaka mlango uwe na kufuli.

Njia ya kuipata hubadilika kutoka nchi hadi nchi, ila mambo kadhaa hujirudia: elimu ya somo lenyewe, elimu ya kufundisha, mazoezi darasani chini ya mwalimu mzoefu, na uchunguzi wa rekodi ya jinai. Ujerumani hukazia sana mazoezi: baada ya chuo kikuu, mwalimu mtarajiwa hufundisha akiwa chini ya uangalizi, kwa kawaida mwaka mmoja hadi miwili, ndipo afanye mtihani wa mwisho wa serikali. Ufilipino wana mtihani wa kitaifa wa leseni, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Nchini Marekani kila jimbo hutoa leseni yake, hivyo mwalimu wa miaka mingi akihamia jimbo jingine anaweza kutakiwa kukaa tena kwenye chumba cha mtihani.

Leseni pia ina mipaka ndani yake. Mara nyingi hutaja somo na ngazi. Ya hisabati ya sekondari haikupi moja kwa moja ruhusa ya kufundisha chekechea. Na pale walimu wanapopungua, mamlaka nyingine hutoa leseni za muda kwa watu ambao hawajakamilisha mafunzo. Hapo ndipo neno lenyewe linapoanza kulegea.

Je, ni lazima ihuishwe? Japani walijaribu. Kuanzia mwaka 2009 leseni zao zilidumu miaka 10, na mwalimu alipaswa kuhudhuria mafunzo ili ziendelee. Walimu walilalamika juu ya mzigo huo, upungufu wa walimu nao ukauma, na utaratibu ukafutwa mwaka 2022. Ufini ni kisa tofauti: hawana leseni iliyo mbali na shahada. Mwalimu wa darasa huko hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili, na uchujaji mkali hufanyika mapema, wakati wa kuomba nafasi chuo kikuu. Kwa hiyo mstari niliouchora kati ya cheti na leseni haupo kila mahali.

Pale mstari huo ulipo, utauona vizuri zaidi siku unapohama nchi. Cheti chako kitatafsiriwa na kulinganishwa na vya huko, na mara nyingi kitakubaliwa angalau kwa sehemu. Leseni utaiomba upya. Huenda ukaambiwa pia ulete barua kutoka kwa chombo kilichokusajili mwanzo, inayothibitisha kwamba jina lako bado limo daftarini na huna shauri la nidhamu. Barua hiyo chuo chako hakiwezi kukuandikia.