Kisayansi si jina jingine la kweli

Unga wa mlonge unaoshusha sukari, asali ya nyuki wadogo kwa vidonda vya tumbo, bangili ya shaba kwa baridi yabisi: siku hizi kila kitu kinauzwa kwa maneno mawili, "imethibitishwa kisayansi". Upande wa pili wapo wanaoyageuza maneno hayohayo kuwa rungu. Dawa ya bibi "si ya kisayansi", kwa hiyo ni uongo, mjadala umefungwa. Pande hizi zinarushiana maneno kutwa nzima bila kugundua kwamba zimekosea mahali pamoja: zote zinaamini kisayansi maana yake ni kweli.

Maana yenyewe haina haja ya maelezo marefu. Tunaposema sayansi huwa tunamaanisha moja kati ya mambo matatu: maarifa yaliyokwisha kukusanywa kuhusu ulimwengu, njia ya kuyapata na kuyapima, au kazi ya watu fulani wenye maabara, majarida na ubishi usiokwisha. Daftari la kidato cha kwanza hufunga mawili ya mwanzo kamba moja: "elimu itokanayo na uchunguzi na majaribio". Si vibaya, ila hilo neno majaribio linabana. Mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alipoliona fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus kule Olduvai, Julai 1959, hapakuwa na namna ya kulirudisha maabara na kuanza upya miaka milioni 1.75. Umri huo ulipatikana baadaye kwa kupima gesi ya argoni iliyonaswa kwenye tabaka za volkano. Ukilishika daftari kwa ukali, jiolojia inatoka nje ya mlango.

Aliyetaka mpaka ulio wazi zaidi kati ya sayansi na isiyo sayansi ni mwanafalsafa Karl Popper, aliyekulia Vienna kati ya wafuasi wa Freud na wa Adler, wenye nadharia za kueleza nafsi ya mtu. Kilichomkera si kwamba nadharia zao zilishindwa kueleza mambo. Zilieleza kila kitu! Mtu anamsukuma mtoto majini ili afe. Mwingine anajitosa amwokoe na kufa yeye. Wote wawili walielezwa kwa urahisi uleule, na nadharia ikabaki salama salimini. Wakati huohuo Einstein alikuwa amejiweka pabaya kwa hiari yake: mwanga wa nyota ukipita karibu na jua utapinda, na kwa kiasi hiki. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, Waingereza wakapiga picha kisiwani Principe na kule Sobral, Brazili. Picha zingeonyesha vingine, Einstein angekuwa taabani. Mwaka 1934 Popper akachapisha kipimo chake: dai ni la kisayansi ikiwa linaweza kukanushika, yaani lipo jambo ambalo likitokea, dai linaanguka.

Hapa ndipo wengi wanapopita mbio. Kipimo hicho hakisemi chochote kuhusu ukweli wa dai. Dai linaweza kuwa la kisayansi kutoka kichwani hadi miguuni na likawa si kweli. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, dozi ndogo mno ya interferoni alfa (protini ya kinga ya mwili) ya kumeza mdomoni, kuwa dawa ya UKIMWI. Watu wakawa na matumaini, na nani angewalaumu wakati ule. Kisha yakafuata majaribio ya kulinganisha wagonjwa waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na kitu, likiwemo la Uganda. Tofauti haikuonekana. Watu husema Kemron "haikuwa sayansi". Ilikuwa. Ilisema jambo linalopimika, likapimwa, likaanguka.

Na kinyume chake pia kipo: mtu anaweza kujua jambo la kweli bila kulipitisha kwenye kipimo cho chote cha namna hiyo. Mvuvi anayesoma maji na upepo hana jarida. Kumwambia ujuzi wake "si wa kisayansi" ni kusema tu haujapimwa kwa njia ile. Kuuita uongo ni dai jingine, linalohitaji ushahidi wake.

Popper naye hakumaliza kazi. Thomas Kuhn, mwanafizikia aliyegeukia historia, alionyesha mwaka 1962 kwamba wanasayansi hawatupi nadharia kwa sababu ya tokeo moja baya. Kwanza wanalaumu kipimajoto. Mwanafalsafa Paul Feyerabend akasema mwaka 1975 kwamba njia moja ya sayansi haijapata kuwepo, na mwenzake wa falsafa Larry Laudan, mwaka 1983, akaona mpaka wenyewe haufai hata kutafutwa. Mimi sifiki huko, ila kuhusu kipimajoto namwamini Kuhn, kwa sababu mfano tunao nyumbani.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Tanga, aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuingiza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Wauza aiskrimu wa Tanga mjini walikuwa wakifanya hivyo siku zote. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Hukohuko Mkwawa alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akampa fundi wake wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba ya moto yameganda kwanza, na kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika kwa fahari kwamba Mtanzania "alithibitisha kisayansi" kuwa maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, punguzeni kidogo. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia vipimo na hawakuona ushahidi wa kutosha. Waliona hata kusogeza kipimajoto kidogo kunaweza kuleta tofauti ya uongo. Wengine bado wanapinga. Semeni kwamba alitoa dai linalopimika, na kwamba wanafizikia wanalipima mpaka leo.