Faiba haioni kutu, inahisi mvuto

Ukigonga zege kwa nyundo ndogo likaitika kama debe tupu, umechelewa. Nondo iliyomo ndani imeshaliwa, na kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa. Kwa kuwa haina pa kwenda, hulipasua zege. Kazi yangu ni kuikuta kabla ya mlio huo, hasa pwani, ambako chumvi ya bahari hupenya zege kimyakimya kwa miaka.

Natumia faiba, uzi wa kioo kama ule unaotuletea intaneti, mnene kwa maikromita 125. Ndani ya kiini chake huchorwa, kwa mwanga wa urujuanimno, maelfu ya mistari katika sentimita moja. Mistari hiyo, iitwayo ya Bragg, hurudisha wimbi moja tu la mwanga na kuyaachia mengine yapite. Faiba ikivutwa, mistari huachana, na wimbi linalorudi hurefuka. Daraja la Beddington Trail huko Calgary, Kanada, liliwekewa vihisi vya aina hii mwaka 1993.

Mimi huizungushia faiba nondo kabla zege halijamwagwa, ili nondo ikivimba kwa kutu, faiba ivutike. Kwa nondo ya milimita 16, chagua faiba inayostahimili mkunjo. Ya kawaida huvujisha mwanga ikipindwa kiasi hicho.

Adui mkubwa ni joto. Faiba ikivutika kwa sehemu moja ya milioni ya urefu wake, wimbi husogea takriban pikomita 1.2. Lakini nyuzijoto moja tu ya Selsiasi hulisogeza pikomita 10 hivi! Katika jaribio langu la kwanza nilifurahia grafu iliyopanda mchana kutwa. Usiku ikashuka. Kutu hairudi kuwa chuma jua likizama. Nilikuwa nimepima jua.

Tangu hapo, kando ya kila kihisi naweka cha pili, kimelegea ndani ya kijibomba, kiguswe na joto peke yake. Natoa usomaji wake kwenye ule wa kwanza, na kinachobaki ndicho ninachokifuatilia, wiki baada ya wiki.

Kisha natazama mahali faiba inapotokea nje ya zege. Hapo ndipo inapokatika mara nyingi, kwa buti au koleo la mtu asiyejua imepita wapi, na iliyofukiwa kwenye zege haitengenezeki. Kwa hiyo bomba la kuikinga nalifunga kwa mkono wangu, na zege likimwagwa huwa nimesimama papo hapo.