Lucozade ilianza kwa wagonjwa: dhana potofu kuhusu vinywaji vya michezo

Wengi huamini vinywaji vya michezo vilibuniwa na kampuni za soda. Kwa Gatorade, kinywaji cha michezo cha Marekani, si kweli. Mwaka 1965, kocha msaidizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Florida, Dewayne Douglas, alishangaa kuona wachezaji wake wanakunywa maji lakini hawaendi haja ndogo wakati wa mechi. Dk. Robert Cade, bingwa wa figo chuoni hapo, alitambua kwamba maji yote yanaishia kwenye jasho, tena yanaondoka na chumvi. Yeye na wenzake watatu wakachanganya maji, chumvi na sukari. Mchanganyiko ule haukunyweka, hadi mkewe Cade, Mary, aliposhauri watie maji ya limau. PepsiCo iliipata Gatorade mwaka 2001 tu, iliponunua kampuni ya Quaker Oats iliyokuwa ikiimiliki.

Dhana nyingine ni kwamba anayempelekea mgonjwa Lucozade hospitalini hajui kuwa ni kinywaji cha wanamichezo. Jamani, huyo ndiye anayefuata matumizi yake ya asili! Mfamasia William Walker Hunter aliitengeneza Newcastle, Uingereza, mwaka 1927, ili wagonjwa walioshindwa kula wapate glukosi. Matangazo ya mwaka 1983 ndiyo yaliyoanza kuitoa kitandani, na baadaye mwanariadha Daley Thompson akawa sura yake. Lakini uliza kwanza kama mgonjwa wako ana kisukari.

Vinywaji vya kuongeza nguvu ni kitu kingine kabisa. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 hivi za kafeini. Kazi yake ni kukuchangamsha, si kurudisha chumvi iliyotoka na jasho.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ya kumpa mtoto anayeharisha kinywaji cha michezo badala ya ORS (unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji kurudisha maji mwilini), kwa kuwa vyote vina sukari na chumvi. Vipimo havilingani. Lita moja ya ORS ina milimoli (kipimo cha kiasi cha kemikali) 75 za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Gatorade ya kawaida ina takriban 20, na sukari yake ni nyingi zaidi kwa mbali. Sukari ikizidi huvuta maji kuingia utumboni, na kuharisha kunaongezeka. Mpe ORS, uikoroge kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, anywe kidogo kidogo, na umwahishe kituo cha afya apate na zinki.