Serikali ya Meiji haikujenga kiwanda cha pamba cha Osaka, jamani

Nafundisha historia ya viwanda, na kila muhula lazima atokee mtu aniambie Japani ilitoboa kwenye nguo kwa sababu serikali ya Meiji, ile ya mfalme iliyoanza 1868, ilijenga viwanda. Jamani. Kwenye pamba serikali ilijaribu na ilikwama. Kuanzia 1878 iliagiza mashine Uingereza, seti za spindo 2,000 (spindo ni vile vijiti vinavyozunguka kusokota uzi), nyingine ikawapa watu kwa mkopo wa miaka 10 bila riba, masharti laini kuliko hayo utayapata wapi? Lakini spindo 2,000 ni kidogo mno, gharama hairudi, halafu viwanda hivyo vingi viliendeshwa kwa maji ya mto, mto ukipungua mashine zinasimama na mishahara inadaiwa palepale.

Kilicholipa ni kiwanda cha Osaka, kilichoanza kazi 1883, na hela ilikuwa ya watu binafsi, wafanyabiashara na makabaila wa zamani, mfanyabiashara wa benki Shibusawa Eiichi ndo aliwakusanya. Spindo 10,500, mvuke wa makaa ya mawe. Naye hakuanza na mashine, alianza na mtu: Yamanobe Takeo alikuwa anasoma London, Shibusawa akamshawishi aache masomo yake ajifunze kusokota, jamaa akaenda mpaka Blackburn, mji wa pamba huko Uingereza, akaingia kiwandani kujifunza kazi kwa mikono yake. Wanafunzi wangu mnaoandika tasnifu, anzeni na fundi kabla ya sera, nawaambiaga kila siku.

Na hiyo ya "Wajapani wana bidii ya asili" naomba tuiache. Faida ya Osaka ilitokana na mashine kukesha, mwanzoni kwa taa za mafuta katikati ya vumbi la pamba, yaani moto nje nje, mpaka 1886 wakaweka taa za umeme. Waliokesha nazo wengi wao ni wanawake na mabinti, na kazi hiyo ya usiku kwao ilikuja kupigwa marufuku 1929.

Na mkinitajia kiwanda cha serikali cha Tomioka cha 1872, hicho ni cha hariri, siyo pamba. Cha kwanza cha pamba ni Kagoshima, 1867, cha watawala wa jimbo la Satsuma, serikali ya Meiji yenyewe bado, mashine kutoka Platt Brothers, watengenezaji wa Oldham, Uingereza.

Eti pamba ilikuwa ya wakulima wao? Mwanzoni ndiyo, ila Osaka wakahamia ya China kisha ya India kwa sababu ya bei, na 1896 serikali ikafuta ushuru wa pamba ghafi kutoka nje, mkulima wa pamba wa Japani akabaki hana soko.